Rafiki asiyewahi kugusa theluji: uchambuzi wa safari ya skii ya bei nafuu kutoka Dodoma

Kisa hiki kinahusu marafiki wawili wakazi wa Dodoma, mmoja mhandisi katika ofisi ya serikali iliyoko Mtumba na mwingine mwalimu wa sekondari, waliokubaliana kwenda pamoja likizo ya kuskii, yaani kuteleza juu ya theluji mlimani. Mhandisi aliujua mchezo huo alipokuwa akisoma shahada ya uzamili Innsbruck, mji wa Austria uliozungukwa na milima ya Alps, na tangu arudi nyumbani hamu yake haijamtoka. Mwalimu hakuwa amewahi kugusa theluji. Aliyokuwa ameiona ni ile ya Kilimanjaro, tena kwa mbali, akiwa ndani ya basi la Moshi. Kila mmoja alijiwekea ukomo wa shilingi 4,000,000, na ukomo huo ulipaswa kubeba kila kitu, kuanzia pasipoti hadi chai ya njiani. Hesabu zao nilizipitia kwa ombi lao walipokuwa wamekwama, nikazipitia tena waliporudi, na wameniruhusu kuandika ilimradi wasitambulike.

Kukwama kwenyewe hakukutokana na uhaba wa fedha peke yake. Rasimu ya kwanza iliandikwa na mhandisi, kwa hiyo ilikuwa safari ya mhandisi: mlima mkubwa, njia nyingi za kuteremkia, siku sita mfululizo mlimani. Mwalimu aliambiwa, "Utajifunza hukohuko, dada, wala si kazi," akakubali kwa kuchunga urafiki, na jina lake likaingizwa kwenye safu ya pili ya jedwali kwa kiasi kilekile cha fedha katika kila kipengele. Tatizo lilikuwa hapo. Anayejua na asiyejua hawatumii mlima mmoja, hata wakilala chumba kimoja. Anayeanza hutumia siku ya kwanza yote, na mara nyingi ya pili pia, kwenye kipande kifupi cha mteremko mwepesi. Kumlipia tiketi ya lifti zote, yaani mitambo ya kuwapandisha watu juu, za mlima wenye makumi ya kilomita za njia ni kumnunulia kitu ambacho miguu yake haitakifikia. Swali la unafuu, kwa maoni yangu, lilipaswa kuulizwa upya kabisa: ni wapi fedha ya mwalimu itageuka kuwa saa nyingi zaidi za kufundishwa kwenye mteremko unaomfaa? Nauli ya ndege, ambayo ndiyo waliyoihangaikia kwa wiki nzima, ilikuja baadaye sana katika hesabu hiyo.

Mahali palipotajwa katika rasimu hiyo ni Bansko, Bulgaria, na si kwamba mhandisi alikosea kupataja. Bansko inajulikana Ulaya kwa bei ndogo ikilinganishwa na Austria, Ufaransa au Uswisi, shule za skii ziko nyingi, na tangu Januari 1, 2025 Bulgaria imo kikamilifu katika eneo la Schengen, hivyo viza moja ingetosha hata kama ndege ingepitia Vienna au Frankfurt. Hata hivyo, viza hiyo ina ada ya euro 90 kwa mtu mzima, isiyorudishwa ukinyimwa, na inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri, uthibitisho wa malazi na kwenda mwenyewe kutoa alama za vidole. Kwa mhandisi aliyewahi kuishi Austria hayo ni makaratasi tu. Kwa mwalimu ambaye hakuwa hata na pasipoti, yalikuwa fedha za kubahatisha.

Kilichoimaliza Bansko, lakini, ni kalenda ya shule. Mwalimu ana likizo ndefu mbili: ya katikati ya mwaka, inayoangukia Juni, na ya mwisho wa mwaka, inayoanza Desemba na kuishia Januari shule zinapofunguliwa. Katika milima ya Ulaya, mwanzoni mwa Desemba theluji bado ni ya kubahatisha, na kipindi cha Krismasi na Mwaka Mpya ndicho ghali kupita vyote. Wiki nafuu ni zile za katikati ya Januari na za Machi, wakati ambao mwalimu yuko darasani akisahihisha madaftari. Unafuu wa Bansko ulikuwa wa kweli, ila haukuwa wake. Tena mjini Bansko miteremko ya wanaoanza iko juu mlimani, inafikiwa kwa gari la kamba linalotoka mjini, na foleni yake ya asubuhi ni mashuhuri. Saa nzuri ya mafunzo ingeishia kwenye foleni hiyo, mtu amesimama na buti nzito miguuni.

Dubai ilitajwa na shemeji wa mwalimu, na sikuona sababu ya kuidharau. Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005 ndani ya Mall of the Emirates, ina theluji mwaka mzima chini ya paa, njia ndefu kuliko zote ikiwa na mita 400 hivi, na tiketi yake hujumuisha mavazi na vifaa. Mtu asiye na hakika kama mchezo huu unamfaa, na ambaye tayari anapita Dubai kwa shughuli nyingine, anaweza kuujaribu kwa saa mbili akaamua. Lakini kufunga safari ya kutoka Dodoma, kulipia viza na hoteli za mji ule, ili kuteleza ndani ya jengo la maduka ni jambo ambalo mhandisi alilikataa kwa neno moja nisiloweza kuliandika hapa, nami nilikuwa upande wake.

Ikabaki Lesotho, nchi ndogo iliyozungukwa na Afrika Kusini. Kituo chake cha skii, Afriski, kiko katika milima ya Maluti, karibu na njia ya kuvukia milima ya Mahlasela inayofikia mita 3,222 juu ya usawa wa bahari, na kwa gari ni mwendo wa takriban saa tano kutoka Johannesburg. Msimu wake ni majira ya baridi ya kusini, yaani Juni hadi Agosti. Mtanzania haombi viza ya kuingia Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90 kwa mwaka, wala ya Lesotho. Fedha ya Lesotho, loti, ina thamani sawa na randi, na randi inapokelewa kila mahali nchini humo, hivyo hakuna kubadilisha fedha mara mbili. Kuna mteremko mkuu mmoja wa takriban kilomita moja, kuna sehemu ya wanaoanza, na kuna wakufunzi.

Mhandisi alilalamika, na malalamiko yake yalikuwa ya haki. Mteremko mmoja, hata ukiwa mzuri, humchosha anayejua kufikia siku ya pili. Theluji ya pale hutegemea sana mashine zinazoitengeneza usiku, asubuhi huwa ngumu kama barafu, mchana huwa laini, na pembeni mwa njia mtu huona majani makavu ya kahawia badala ya mandhari nyeupe ya kwenye kalenda za ukutani. Nilimwambia jambo moja: hii ni safari ya kwanza ya mwenzake, na asiyependa safari ya kwanza hataenda ya pili. Alinyamaza siku mbili, kisha akatuma jedwali jipya.

Wiki waliyoichagua inastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo iliyopunguza gharama kuliko mbinu nyingine yoyote. Mwanzoni mwa Juni msimu ndio unafunguliwa na theluji inaweza kuwa haba. Mwishoni mwa Juni shule za Afrika Kusini hufungwa na familia hujaa mlimani. Katikati hapo kuna nafasi nyembamba ambayo shule za Tanzania zimeshafungwa na za Afrika Kusini bado. Wakaichukua, wakapanga kupanda Jumatatu na kushuka Ijumaa asubuhi ili waziache wikendi kwa watu wa Johannesburg na Bloemfontein. Faida yake haikuwa ya bei peke yake. Katikati ya wiki mteremko wa wanaoanza huwa na nafasi, na anayeanza akianguka hahitaji kuogopa kwamba kuna mtu nyuma yake anayekuja kwa kasi asiyojua kuizuia.

Hesabu ya mwalimu ilisimama hivi. Tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Johannesburg ilitengewa shilingi 1,150,000, na treni ya SGR kati ya Dodoma na Dar es Salaam, daraja la kawaida kwa nauli ya 31,000, ilichukua 62,000 kwa kwenda na kurudi. Nusu ya gari la kukodi pamoja na mafuta ilikuwa 400,000. Malazi ya usiku tano, mmoja njiani na minne mlimani, yalitengewa 600,000 kwa sababu walikubali chumba cha vitanda vya ghorofa chenye jiko la pamoja. Lifti na vifaa vya kukodi kwa siku tatu vilipewa 600,000, mkufunzi 300,000, chakula 250,000, bima 120,000 na mavazi 150,000. Ukiongeza pasipoti mpya ya kielektroniki, ambayo ada yake ni 150,000, jumla inafika 3,782,000, na akiba inabaki 218,000. Usiku wa Dar es Salaam kabla ya ndege ulikuwa wa bure kwa shangazi yake Tabata, ingawa mtu wa Dodoma hawezi kwenda kwa shangazi mikono mitupu, na maboksi mawili ya zabibu hayakuandikwa popote kwenye jedwali.

Kipengele cha mkufunzi ndicho kilicholeta mjadala mrefu. Mhandisi alitaka kukifuta na kumfundisha rafiki yake mwenyewe, na hapo nilipinga kwa nguvu zote. Anayejua kuskii tangu ujana hajui tena anachokifanya. Mwili wake unajua kwa niaba yake. Ukimuuliza anasimamaje, atasema "unageuka tu." Kinachomshinda anayeanza ni kwamba kila silika aliyozaliwa nayo inamdanganya: akiona mteremko anaogopa, akiogopa anaegemea nyuma, na akiegemea nyuma sehemu ya mbele ya skii, vile vibao virefu vya miguuni, inapoteza mshiko, basi anakwenda kasi zaidi na hawezi kugeuka wala kusimama. Mkufunzi amewaona mamia wakifanya kosa hilo, naye ana mpangilio: kwanza kutembea na skii moja mahali tambarare, kisha zote mbili, kisha kuteleza mita chache hadi mtu asimame mwenyewe, ndipo huja mkao wa kabari, ambapo ncha za mbele zinakaribiana, visigino vinasukumwa nje, na ukingo wa ndani wa kila skii unaikwaruza theluji hadi mwendo unakufa. Rafiki hana mpangilio huo. Ana upendo na haraka, na baada ya nusu saa anapiga kelele kutoka chini ya mteremko, "Piga breki! Nimekwambia piga breki!" Nimeshuhudia urafiki ukipata ufa kwa mafunzo ya kuendesha gari, ambayo ni mepesi kuliko haya.

Mhandisi akasema basi atalipia yeye mkufunzi huyo, kama zawadi. Hata hilo sikulipenda. Anayefundishwa kwa fedha ya mwenzake huona haya kusema amechoka, anaona haya kusema anaogopa, na anaweza kupanda mteremko asiouweza ili tu asionekane amepoteza fedha za watu. Mwalimu alilipa mwenyewe, akabaki na haki ya kusema "leo basi." Walikubaliana pia, na hili liliandikwa chini ya jedwali kwa herufi kubwa, kwamba uamuzi wa lini mwalimu ahame kutoka mteremko wa wanaoanza kwenda mteremko mkuu utakuwa wa mkufunzi peke yake, na mhandisi hataligusa jambo hilo.

Swali la umri lilijitokeza mara kadhaa, kwa kuwa mwalimu ana zaidi ya miaka thelathini na aliamini kwamba mchezo huu hauanzwi ukubwani. Nilimkumbusha habari za Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji aliyekutana na skii kwa mara ya kwanza Finland mwaka 1996 akiwa mtu mzima, na mwaka 1998 akashindana katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mwishoni ili ampongeze. Boit alishindana katika skii za masafa, ambazo ni mchezo tofauti na wa kuteremka mlima, kwa hiyo mfano huu haupaswi kuvutwa mbali. Ulitosha kunyamazisha habari ya umri. Mazoezi ya miguu alianza wiki nane kabla: kukaa ukutani bila kiti hadi mapaja yatetemeke, kuchuchumaa na kuinuka, na kupanda Lion Rock, kilima cha mawe cha Dodoma, mwishoni mwa wiki, akizingatia zaidi namna ya kushuka kuliko kupanda, maana mapaja ndiyo yanayofanya kazi mtu anapoteremka.

Mavazi yalipatikana kwa njia ambayo watu wa Ulaya wangeionea wivu. Majaketi ya skii huingia nchini ndani ya mabelo ya mitumba pamoja na makoti mengine ya baridi, na katika mji wa joto kavu kama Dodoma hayana wateja wengi, hivyo muuzaji hafurahii kuyaona yakijaza meza. Mwalimu alilipata lake soko la Sabasaba kwa shilingi 18,000. Alama za kulitambua ni hizi: kwa ndani, usawa wa kiuno, kuna mkanda mpana wa kitambaa cha kunyumbuka wenye vifungo vyake, ambao kazi yake ni kuzuia theluji isipande mgongoni mtu akianguka, kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, kuna mfuko mdogo wa zipu wa kuwekea kadi ya lifti, na mishono yote ya ndani imefunikwa kwa utepe. Utepe huo ndio wa kukagua kwa makini, kwa sababu jaketi likizeeka unabanduka kama gamba, na maji yanapenya kwenye mshono hata kama kitambaa ni kizima. Alimwagia bega la jaketi maji kidogo kutoka kwenye chupa yake, mwenye meza akimtazama kwa mashaka; matone yakasimama, hayakunywewa, akalipa. Suruali isiyopitisha maji na glavu aliazima kwa binamu yake wa Moshi anayepandisha watalii Kilimanjaro, zikaja kwa basi.

Mwalimu huvaa mtandio, na suala hilo halikuwa dogo, kwani kofia ngumu isipokaa sawasawa kichwani haina maana. Mtandio wa kuzungusha na kubana kwa pini haufai chini ya kofia hiyo: unaongeza unene upande mmoja, na pini ni hatari mtu akianguka. Alitumia wa kuvaa kichwani moja kwa moja, mwepesi, usio na pini, akaenda nao siku ya kupimwa kofia ili saizi itokane nao.

Kuhusu buti, mhandisi alikuwa mwalimu mzuri kuliko alivyotarajia, na alimwonyesha rafiki yake kila kitu sebuleni kwake Kisasa kwa kutumia buti zake za zamani. Buti ya skii ni ngumu kama ndoo, na anayeivaa mara ya kwanza huomba saizi kubwa zaidi kwa sababu anaona inambana, jambo linaloharibu siku nzima. Ukisimama wima, vidole vigusane kidogo na mwisho wa buti; ukikunja magoti na kusukuma muundi mbele dhidi ya ulimi wa buti, vidole virudi nyuma na kuacha kugusa, na kisigino kisinyanyuke hata kidogo. Soksi ni moja, nyembamba au ya wastani, iliyovutwa hadi chini ya goti bila mkunjo. Anayevaa soksi mbili ili apate joto hubana mishipa ya damu na kupata baridi zaidi, na mkunjo mmoja wa soksi kwenye muundi kufikia saa nne asubuhi unakuwa kidonda. Suruali ya ndani haiingizwi ndani ya buti kwa sababu hiyohiyo. Jambo jingine ni vifungio vinavyoshika buti kwenye skii: hupangwa kulingana na uzito, urefu, umri na uwezo wa mtu ili viachie mguu akianguka, kwa hiyo anayetaja uzito wa uongo kwa aibu anahatarisha magoti yake mwenyewe.

Bima waliinunua baada ya kusoma masharti hadi mwisho, kwa kuwa bima nyingi za kawaida za safari huitoa michezo ya theluji nje ya ulinzi wake isipokuwa ikilipiwa nyongeza, na kusafirishwa na goti lililochanika kutoka milima ya Lesotho hadi hospitali ya Afrika Kusini si gharama ya kuchangiwa kwenye kundi la familia.

Mwinuko ulihitaji uangalifu ambao mhandisi hakuwa ameufikiria, kwani Innsbruck kwenyewe alikuwa akilala mjini, bondeni, na kupanda mlimani kwa siku tu. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kulala zaidi ya mita 3,000 usiku wa kwanza baada ya kutoka Dar es Salaam kungeweza kumletea yeyote kati yao maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usingizi wa kukatikakatika. Ndiyo maana usiku wa Jumapili waliulala Clarens, mji mdogo wa Afrika Kusini ulio karibu na mpaka, wakavuka kesho yake asubuhi kwenye kituo cha mpaka cha Caledonspoort, wakapitia Butha-Buthe na kupanda barabara ya Moteng jua likiwa limeshatoka, wakafika mchana na kuacha kuskii hadi Jumanne. Jua la huko nalo halina huruma: theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 hivi ya mionzi mikali, na macho yasiyokingwa huungua bila mtu kuhisi hadi jioni. Mwalimu alidhani krimu ya jua ni ya Wazungu. Mhandisi alimpaka kwa lazima.

Kwenye suala la gari ndipo nilipotofautiana nao hadi mwisho. Walipanda wenyewe, wakiwa na barua ya kampuni ya kukodisha inayoruhusu gari kuvuka mpaka, ambayo hulipiwa na ambayo pasipo nayo mtu hurudishwa. Barabara ni ya lami na Tanzania sote tunaendesha kushoto kama wao, lakini hakuna kati yao aliyewahi kuendesha juu ya barafu, na kwenye kona za Moteng zenye kivuli barafu nyembamba huwahi kuganda na huchelewa kuyeyuka. Mimi ningemlipa dereva wa Butha-Buthe kwa kipande hicho cha mwisho. Walipita salama kwa sababu hali ya hewa ilikuwa kavu wiki ile.

Mlimani mambo yalikwenda karibu na yalivyopangwa. Mwalimu alifundishwa saa mbili kila asubuhi, mhandisi akiwa kwenye mteremko mkuu. Adhuhuri walikutana kwa maharage na mayai waliyopika wenyewe, na alasiri mhandisi alirudi naye kwenye mteremko wa wanaoanza, akaruhusiwa kusindikiza na kukataliwa kufundisha. Siku ya kwanza mwalimu alijua kusimama. Siku ya pili alasiri mapaja yalikataa kabisa, akaenda kulala, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Alhamisi aliteremka mteremko wake wote bila kuanguka, akigeuka kulia na kushoto, na mhandisi akasahau makubaliano: alimshika mkono akamwelekeza kwenye lifti ya mteremko mkuu. Mkufunzi akakataa. Alieleza kwamba anageuka vizuri kushoto lakini kulia bado anaegemea nyuma, na kwamba mteremko mkuu kufikia saa ile una mabonde ya theluji laini yaliyochimbwa na watu tangu asubuhi. Mhandisi alikasirika kidogo, akaenda peke yake mara tatu, akarudi. Baadaye aliniambia kwamba maandishi yale ya chini ya jedwali ndiyo yaliyowaokoa, kwa sababu mwalimu hakuhitaji kuwa yeye wa kumkatalia.

Walipofunga hesabu, gari lilizidi makadirio kwa shilingi 70,000 kwa kila mmoja, hasa kwa sababu ya barua ya mpaka, na chakula cha mwalimu kilizidi kwa 40,000 ambazo zote zilikwenda kwenye supu na chokoleti ya moto mlimani. Jedwali halikuwa limezingatia kwamba mtu anayehisi baridi hatembei hadi jikoni. Vipengele vingine vilikaa ndani ya kiasi kilichotengwa, na akiba ya 218,000 ikabaki 108,000. Mabadiliko mawili wameshayaingiza kwenye rasimu ya mwakani: vifaa vyote vipimwe mchana wa kufika na visiachwe hadi asubuhi ya somo, kwani mwalimu alipoteza karibu nusu saa ya mkufunzi wake akitafutiwa buti, na kipengele cha chakula cha mlimani kiandikwe peke yake. Bansko haijafutwa. Mhandisi anakusanya nyaraka za viza kwa ajili ya Januari, safari ambayo ataifanya peke yake kwa kuwa shule zitakuwa zimefunguliwa, na mwalimu amezirudisha shilingi 108,000 kwenye akaunti ya Juni.